Jina Lililokuwamo Lakini Halikuonekana: Faharasa ya Maandishi ya Kanisa na Namna ya Kuiboresha

Kila mchungaji aliyewahi kuketi Jumamosi jioni akiutafuta mstari ambao anakumbuka neno lake moja tu, bila kukumbuka kitabu wala sura, anaijua thamani ya itifaki. Kitabu hiki hakifafanui Maandiko wala hakihubiri. Huyapanga maneno ya Biblia kwa abjadi, na mbele ya kila neno huonyesha mahali linapopatikana, kisha humwachia msomaji kazi iliyobaki. Siku hizi kazi hiyohiyo hufanywa na kompyuta, tena kwa maandishi yoyote tuyapendayo: vitabu vya ubatizo na kipaimara, mihtasari ya mabaraza ya wazee, barua za wainjilisti, taarifa za majimbo. Orodha ambayo kompyuta huitengeneza ndani yake kwa ajili hiyo tutaiita faharasa. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi faharasa hiyo inavyofanya kazi, sababu zinazoifanya mara nyingi iwe nzito au iwe kipofu inapokutana na Kiswahili na lugha za Kagera, na hatua zinazoweza kuirekebisha. Mifano yetu mingi inatoka wilaya za Karagwe na Kyerwa kwa sababu ndiko tulikojifunza, na tulijifunza kwa kukosea.

Kosa lenyewe

Katika usharika mmoja ambao hatutautaja jina tulinakili vitabu vya zamani vya ubatizo kwenye kompyuta, ukurasa baada ya ukurasa. Mwanzoni kutafuta jina moja kulichukua muda wa kutosha kuchemsha chai. Tukaitengeneza upya faharasa yetu, tukaondoa tulichokiona kuwa ni mzigo usio na faida, na jibu likaanza kutokea kabla kidole hakijaondoka kwenye kibonye. Tulijipongeza.

Baada ya muda familia moja ilifika kuomba uthibitisho wa ubatizo wa baba yao. Yafaa tueleze uzito wa ombi hilo kwa msomaji aliye mbali na mpaka. Karagwe na Kyerwa zimepakana na Rwanda na Uganda. Mwaka 1994 wilaya hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa bado moja, ilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda, waliokaa katika kambi hadi waliporudishwa kwao mwezi Desemba 1996. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kwa kusudi la kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Katika hali kama hiyo mtu anaweza kuulizwa alizaliwa wapi na wazazi wake ni nani, na kwa mzee aliyezaliwa kijijini bila cheti cha kuzaliwa, mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo waweza kuwa ndiyo karatasi pekee ya utoto wake.

Tuliliandika jina kama familia ilivyolitamka. Kompyuta ikajibu mara moja kwamba halimo. Tukawaambia halimo, nao wakaondoka. Wiki kadhaa baadaye, tulipokuwa tukisoma kitabu kilekile kwa macho kwa ajili ya shughuli nyingine, tukaliona jina hilo limeandikwa waziwazi kwa wino mweusi. Mwinjilisti aliyeliandika aliweka l mahali ambapo familia iliweka r, na jina la kijiji aliliandika kwa namna ya zamani. Kompyuta haikusema uongo. Ilitafuta herufi zilezile tulizoipa, na herufi hizo hazikuwamo. Kosa letu lilikuwa kupokea jibu la haraka kana kwamba ni jibu kamili.

Watawa wa Paris na orodha yao

Shida hizi ni za kale kuliko kompyuta. Itifaki ya kwanza inayojulikana ya Biblia ya Kilatini iliandaliwa mjini Paris yapata mwaka 1230 na watawa Wadominiko chini ya uongozi wa Hugo wa Saint-Cher. Wakati huo Biblia ilikuwa na sura lakini bado haikuwa na mistari tuliyoizoea leo, kwa hiyo kila sura waliigawa katika sehemu saba na kuzipa herufi A hadi G. Orodha yao ilionyesha neno, kitabu, sura na herufi, basi. Ilikuwa nyepesi, lakini msomaji alilazimika kufungua kila mahali palipotajwa ili aone kama ndipo alipokusudia.

Wadominiko Waingereza wakajaribu kurekebisha kasoro hiyo kwa kunakili sentensi nzima pamoja na kila rejeo. Sasa msomaji aliona maana papo hapo, ila kitabu kikawa kikubwa mno, hata kukitumia kukawa taabu. Kabla ya karne ya 13 kwisha ilipatikana itifaki ya tatu, yenye maneno machache tu ya kuzunguka neno linalotafutwa, na hiyo ndiyo iliyoenea. Mtu yeyote anayetengeneza faharasa ya kompyuta leo hupita njia hiyohiyo, naye huuliza swali lilelile: ni kiasi gani cha maandishi nikiweke ndani ya orodha, na kiasi gani nikiache nje ili orodha isinishinde kubeba?

Kasi inakotoka

Bila faharasa, kompyuta hutafuta kama mtu asiye na itifaki: husoma kila faili kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kila mara unapouliza. Ukiwa na faharasa, kazi ya kusoma hufanyika mara moja tu, siku maandishi yanapoingizwa. Kila neno hupewa orodha ya mahali lilipo. Maneno yenyewe yakiwa yamepangwa kwa abjadi, kompyuta hufungua katikati, huona kama neno liko kabla au baada, huacha nusu isiyohusika, na kuendelea hivyo. Kwa njia hiyo maneno 100,000 huhitaji hatua zisizozidi 17 kulipata moja. Ndiyo maana tunasema kasi ya kutafuta hulipiwa wakati wa kuingiza. Tukifanya uvivu pale, tutalipa kila siku hapa.

Yapo mambo machache ya kiufundi ambayo huleta nafuu kubwa bila kununua mashine mpya. La kwanza ni mpangilio wa kulinganisha orodha. Tukitafuta maneno mawili kwa pamoja, tuseme «ubatizo» na «Kaisho», neno la kwanza limo karibu katika kila ukurasa wa kitabu, na la pili limo katika kurasa chache. Programu iliyoandikwa vizuri huanza na orodha fupi ya Kaisho, kisha huuliza kila ukurasa wake kama una neno la pili. Programu mbovu huanza na orodha ndefu na kuhesabu kurasa ambazo hakuna aliyezihitaji.

La pili ni kuandika tofauti badala ya namba kamili. Ikiwa neno limo katika kurasa za 1004, 1009 na 1015, faharasa huandika 1004, 5, 6. Namba ndogo hukaa mahali padogo, na mahali padogo husomwa upesi, hasa katika kompyuta kuukuu kama zile zinazofika ofisini kwetu baada ya kutumiwa miaka kadhaa mahali pengine. La tatu linahusu maandishi mapya. Si lazima faharasa nzima ijengwe upya kila kunapoongezwa muhtasari mmoja wa kikao. Mkutubi mwenye busara huweka kadi mpya katika kisanduku kidogo kando ya kabati, na siku ya utulivu huzipanga katika droo zake. Kompyuta nayo huweza kuwa na faharasa ndogo ya pembeni ambayo huunganishwa na ile kubwa usiku. Tulipoanza hatukulijua hili, na kila Jumatatu tulisubiri.

Kiswahili hubadilika mwanzoni

Sasa tunafika mahali penye ugumu halisi. Programu nyingi za kutafuta zilitungwa kwanza kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Ukikata mkia wa neno la Kiingereza, mara nyingi unabaki na shina, na maneno ya ukoo mmoja hukaa jirani katika abjadi. Kiswahili hakifuati njia hiyo. Tulitazame neno penda: anapenda, aliwapenda, tupendane, atupendaye, hupendwa, wasiopendeka, na pembeni yake upendo, mpendwa, wapendwa, kipenzi. Maneno hayo yametawanyika katika abjadi kuanzia A hadi W. Mchungaji anayeandika «upendo» katika kompyuta akitarajia kupata yote yaliyosemwa kuhusu kupenda atapata sehemu ndogo tu, wala hakuna kitakachomwambia kwamba kuna mengine.

Wengi hujitetea kwa kuweka alama ya nyota mbele na nyuma ya shina, yaani kuiambia kompyuta ilete kila neno lenye herufi hizo popote pale. Njia hii hubomoa faida ya abjadi. Mwanzo wa neno haujulikani, hivyo kompyuta haiwezi kufungua katikati na kuacha nusu, bali hulazimika kuyapitia maneno yote. Tena huleta takataka. Mwanafunzi anayetafuta habari za kuokolewa kwa herufi o-k-o ataletewa soko, ukoko na okota. Na mzizi ukiwa mfupi, njia hufungwa kabisa. Neno kufa lina mzizi wa herufi moja, f, nao umo katika afaye, aliyekufa, wafu, mfu na kifo. Je, mwanatheolojia atatafuta habari za kifo na ufufuo kwa kuandika f?

Njia ya pili ni kulikata kila neno katika vipande vya herufi tatutatu vinavyopishana: pen, end, nda. Neno linalotafutwa nalo hukatwa vivyo hivyo, na kurasa zenye vipande vyote huletwa. Njia hii haihitaji kujua sarufi ya lugha yoyote, kwa hiyo huufaa hata muhtasari uliochanganya Kiswahili, Kinyambo na Kihaya katika aya moja, jambo ambalo kwetu ni la kawaida. Gharama yake ni ukubwa wa faharasa, na mizizi mifupi bado huiponyoka.

Njia ya tatu ndiyo bora, nayo ndiyo yenye kazi nyingi: kulichambua kila neno linapoingizwa, na kuliandika katika faharasa mara mbili, kwa umbo lake na kwa mzizi wake. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kutunga programu ya namna hiyo kwa ajili ya Kiswahili, iitwayo SWATWOL, akifuata mfumo wa kanuni uliobuniwa na Mfini mwenzake Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Baadaye kazi hiyo ilikua na kuwa mkusanyo mkubwa zaidi wa zana za lugha uitwao SALAMA. Programu hiyo hujua kwamba aliwapenda ni a-li-wa-pend-a, na hutaja kazi ya kila kiungo.

Kwa nini tusikate tu viambishi kwa mkasi? Sisi tulijaribu. Tuliiagiza kompyuta iondoe a, wa, tu, m na vinginevyo mwanzoni mwa kila neno. Wakati ikawa kati, na alama ikawa lama. Tumaini ikawa maini, na kwa siku kadhaa usharika wetu ulikuwa na imani, maini na upendo. Hata orodha ya maneno ya kamusi haikutosha kutuokoa hapo, kwa sababu maini nayo ni neno halali la Kiswahili. Kompyuta inapaswa kujua zaidi ya hayo: kwamba kiambishi tu cha nafsi hutangulia kitenzi, hakitangulii nyama ya bucha.

Baada ya uchambuzi bado kuna jamaa za maneno ambazo hakuna kanuni inayozifikia kwa urahisi. Samehe na msamaha ni ndugu, lakini irabu zao zimehitilafiana. Okoa, okoka, wokovu na mwokozi vilevile. Hapa tumeona ni heri kuandika jedwali kwa mkono, na kazi hiyo yamfaa sana mwanafunzi wa theolojia kuliko mtaalamu wa kompyuta, kwa kuwa maneno mazito ya imani si mengi, na anayejua uhusiano wao ni yeye.

Majina ya Karagwe

Majina ni shida nyingine, na ndiyo iliyotuangusha. Katika maandishi ya Karagwe r na l hupishana bila kuomba ruhusa, hata mahali panapojulikana na wote huandikwa Lukajange na Rukajange. Sauti ambayo mmoja huiandika ky mwingine huiandika ch. Kambi ya wakimbizi ya miaka ya 1994 hadi 1996 imo katika taarifa kwa jina la Kyabalisa na kwa jina la Chabalisa. Nomino za Kinyambo huanza na irabu ambayo mwandishi aliyezoea Kiswahili huweza kuiacha, na jina kama Omurushaka hubeba ndani yake kiambishi cha mahali, kwa hiyo lafaa litafutwe kwa O na kwa M.

Wageni waliongeza yao. John Hanning Speke na James Augustus Grant waliposhukia katika ikulu ya mtawala wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, Speke aliliandika jina la mwenyeji wao Rumanika. Sisi leo twaandika pia Rumanyika. Kilima cha makao yake, Bweranyange, Speke alikiandika Weranhanje, na mto alioutaja kwa jina la Kitangule umeacha jina lake Kitengule. Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya historia na kutafuta «Bweranyange» katika nakala ya kitabu cha Speke ataambiwa hakuna. Kisha walikuja wamisionari wa Betheli, waliofika Bukoba mwaka 1910, wakaandika majina kwa masikio ya Kijerumani, na wainjilisti wa Kihaya wakayaandika kwa masikio ya Kihaya.

Dawa yake ni kulipa kila jina, pamoja na umbo lake la asili, ufunguo wa kutafutia. Katika ufunguo huo l zote huwa r, ch huwa ky, irabu iliyorudiwa huwa moja, na irabu ya mwanzo ya Kinyambo huondolewa. Jina linalotafutwa nalo hupitishwa katika kanuni zilezile kabla ya kulinganishwa. Twasisitiza jambo hili kwa sababu ndipo wengi hukwama: kanuni zikibadilishwa upande mmoja tu, faharasa na muulizaji huwa wanasema lugha mbili. Maandishi yenyewe yasiguswe. Kama mwinjilisti aliandika l, l ibaki, kwa maana huo ni ushahidi na hatuna mamlaka ya kuusahihisha.

Ufunguo wa namna hiyo huleta majina mengi kuliko yale yaliyohitajiwa, kwa sababu watu wawili tofauti huweza kukutana katika ufunguo mmoja. Kwa hiyo yanayolingana herufi kwa herufi yawekwe juu, na mengine yafuate. Kati ya kuletewa majina kumi na kuchagua moja, na kuletewa ukurasa mtupu, mchungaji aliyeketi na familia mbele yake hahitaji kufikiri mara mbili.

Mahali nako huhama ingawa ardhi haihami. Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera. Mwaka huohuo wa 1979 ilizaliwa Dayosisi ya Karagwe. Kabla yake sharika hizi zilikuwa chini ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa Kaisho, Murongo au Nkwenda katika miaka ya 1960 hatapatikana kwa kuandika Kyerwa, kwani neno hilo kama jina la wilaya halikuwapo. Tumeamua kuupa kila usharika na kila kijiji namba yake ya kudumu, na majina ya wilaya, mkoa na dayosisi yaandikwe pembeni pamoja na miaka yake.

Na tusisahau alama ndogo ya ng'ombe. Programu nyingine huiona alama hiyo kuwa mwisho wa neno, nazo huandika katika faharasa «ng» na «ombe». Simu hutumia umbo moja la alama, kompyuta jingine, na mpiga chapa wa zamani la tatu. Katika nchi ya wafugaji, ambako mihtasari imejaa ng'ombe wa sadaka na wa mahari, alama hizo zote ni lazima zigeuzwe kuwa moja kabla ya jambo lolote.

Maneno madogo

Njia rahisi kuliko zote ya kuipunguza faharasa ni kuyatupa maneno madogo yanayojirudia: na, ya, kwa, katika, tu, si. Orodha zao ni ndefu kupindukia na huchukua nafasi kubwa. Sisi pia tuliyatupa, na sehemu ya kasi iliyotufurahisha ilitoka hapo. Tena tulitumia orodha iliyokuja na programu, iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza. Baadaye tuligundua kwamba Same, mji wenye makao ya Dayosisi ya Pare, haukupatikana katika barua yoyote, kwa sababu herufi hizohizo kwa Kiingereza ni neno dogo lisilo na maana. Dayosisi nzima ilikuwa imetupwa pamoja na makapi.

Kwa wanatheolojia hatari ni kubwa zaidi. Itifaki ya Hugo iliyaacha maneno yasiyonyambulika. Zaidi ya karne mbili baadaye, wakati wa Mtaguso wa Basel, ubishi na Wabohemia kuhusu Meza ya Bwana uligusa neno nisi, yaani «isipokuwa», na mjadala na Wagiriki kuhusu asili ya Roho Mtakatifu uligusa maneno ex na per. Yohane wa Ragusa, aliyehusika katika mambo hayo, aliona kwamba maneno ambayo mabishano yote yaliyategemea hayakuwamo katika itifaki, akasababisha itengenezwe ya maneno hayo madogo.

Katika karne ya 20 Mjesuiti Roberto Busa aliandika tasnifu, iliyokamilika mwaka 1946, kuhusu wazo la kuwapo katika maandiko ya Tomaso wa Akwino. Alianza kwa kutafuta maneno makubwa ya Kilatini yenye maana hiyo, akaona kwamba Tomaso analibeba wazo hilo hasa katika neno dogo in. Aliandika kwa mkono kadi zipatazo 10,000, kila moja na sentensi yenye neno hilo. Taabu hiyo ndiyo iliyompeleka mwaka 1949 kwa Thomas Watson wa kampuni ya IBM kuomba msaada wa mashine, na kazi iliyozaliwa hapo, Index Thomisticus, huhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya matumizi ya kompyuta katika elimu ya maandiko.

Mlutheri hana haja ya kwenda mbali hivyo. Neno allein ambalo Luther aliliweka katika tafsiri ya Rum. 3:28, na ambalo alilitetea katika barua yake ya wazi ya mwaka 1530, kwa Kiswahili huwa «tu» au «peke yake». Mafundisho yetu ya Meza ya Bwana husimama juu ya ndani, pamoja na, na chini ya. Faharasa inayoyatupa maneno hayo ingekuwa ya haraka sana, nayo ingeshindwa kulipata Kanisa letu. Ushauri wetu ni maneno madogo yabaki, na programu iambiwe kuyaangalia mwisho, baada ya maneno adimu kuwa yamekwisha kupunguza kurasa. Kwa namna hiyo uzito wake hauonekani sana.

Kuhusu kupima, tunapendekeza jambo moja tu. Mtengenezaji wa faharasa achague katika kitabu majina hamsini anayojua kwa macho yake kwamba yamo, kisha mtu mwingine, asiyekiona kitabu, aandike majina hayo kama anavyoyasikia yakitamkwa. Yahesabiwe mangapi yamepatikana. Kipimo hicho kifanyike kabla na baada ya kila badiliko. Sisi tulipima sekunde peke yake, na sekunde hizo zilitudanganya.

Yasiyofaa kutafutwa upesi

Limebaki neno moja ambalo katika kundi letu hatujakubaliana. Vitabu vya usharika vina mengi zaidi ya ubatizo. Mihtasari ya mabaraza ya wazee imeandika nani alitengwa na Meza ya Bwana na kwa kosa gani, nani alirudi kundini, na mtoto wa nani alizaliwa nje ya ndoa. Zamani mambo hayo yalilindwa na ugumu wa kuyapata. Aliyetaka kuyajua ilimbidi aombe kabati lifunguliwe na asome mwandiko wa mtu aliyekwisha kufa, na wengi walichoka njiani. Faharasa nzuri huondoa uchovu huo, na mjukuu anayetafuta cheti cha ubatizo cha babu yake aweza kuletewa, katika nukta hiyohiyo, aibu ya bibi yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai kwamba anayetunza habari za watu azilinde na azitumie kwa kusudi lililozikusanyia. Siri ya ofisi ya uchungaji ni ya kale kuliko sheria hiyo. Wenzetu wanahistoria wanasema, na wana haki, kwamba nidhamu ya kanisa ni sehemu ya historia yake, na kisichoingizwa leo huenda kikaliwa na mchwa. Wengine kati yetu wanaona kwamba mtu aliyesamehewa mwaka 1958 hakusamehewa ili atafutwe upya kwa herufi nne.

Kwa sasa tumefanya hivi. Vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa vimeingizwa, na jibu la kompyuta hutoa jina, kitabu na ukurasa pekee. Mchungaji hufungua kitabu chenyewe na kusoma. Jina la baba wa ile familia tulilijaribu kwa namna tatu za kuliandika, na mara zote tatu tukaletewa ukurasa uleule. Tulimtuma mwinjilisti apeleke nakala iliyopigwa mhuri. Madaftari ya nidhamu hayajaingizwa. Yamo kabatini, na ufunguo uko kwa mchungaji.